Sumukuvu Ndani ya Fuwele

Sokoni Kibaigwa, wilayani Kongwa, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, mnunuzi wa mahindi hafungui gunia. Huchukua bambo, akalidunga ubavuni, punje zikateremka hadi kiganjani mwake. Huziangalia rangi, huzinusa, kisha huing'ata moja: ikivunjika kwa mlio ni kavu, ikibonyea chini ya jino bado ina maji. Kwa muda mfupi tu ameshapata habari za wadudu, za mchanga na za unyevu. Habari moja bambo halimletei, nayo ndiyo inayoua: sumukuvu. Haina harufu wala ladha, na punje iliyoibeba wakati mwingine hung'aa sawa na jirani zake.

Viwango vinavyotumika Tanzania na katika Jumuiya ya Afrika Mashariki vinaruhusu mikrogramu 10 tu za sumukuvu za jamii ya aflatoksini kwa kila kilo ya mahindi, na ndani ya hizo, aina iliyo kali kuliko zote, aflatoksini B1, isizidi mikrogramu 5. Tuipige hesabu hiyo kisoko. Gramu moja ya sumu, ambayo haijazi hata kijiko cha chai, ikitawanywa sawasawa katika magunia elfu moja ya kilo mia moja, tayari imeyafikisha magunia yote kwenye ukomo.

Mwaka 2016 ukomo huo ulivukwa kwa kiasi ambacho Kanda ya Kati haijakisahau. Kuanzia katikati ya mwaka, watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara, wakiwamo wa Chemba, Kondoa na Kiteto, walifika vituo vya afya wakiwa na macho ya manjano, matumbo yaliyovimba na kutapika. Waliohesabiwa walikuwa 68, na 20 kati yao walikufa. Chanzo kilikuwa chakula cha kila siku: mahindi yaliyohifadhiwa ndani ya nyumba zao wenyewe. Miaka 12 kabla ya hapo, Makueni na Kitui nchini Kenya walikuwa wamepita njia hiyo hiyo, wagonjwa 317 na vifo 125.

Vifo vya namna hiyo huonekana, vikahesabiwa, vikaitishiwa mikutano. Uchambuzi huu unahusu madhara yasiyoonekana: yale ya kiasi kidogo kinacholiwa kila siku kwa miaka, ambacho hakimlazi mtu kitandani bali huacha kosa ndani ya DNA ya ini lake. Tunawezaje kuliona kosa hilo likitokea, atomu kwa atomu? Na je, zana mpya ya wanakemia, yaani fuwele zenye vinyweleo, ambazo waanzilishi wake walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2025, inafaa kuwa kielelezo cha uharibifu huo? Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime kadiri anavyoendelea: kwa kazi ya jicho fuwele hizi zinafaa sana, kwa kazi ya mtego zinafaa kwa sehemu, na kwa kazi ya ngao shambani na ghalani hazina nafasi. Kuchanganya kazi hizo tatu kutatugharimu fedha na watu.

Sekunde moja ndani ya ini

Aflatoksini B1 inapomezwa na ugali au uji, bado si adui wa DNA. Ini lenyewe, katika jitihada za kuiondoa mwilini, ndilo linaloiamsha. Vimeng'enya vya jamii ya sitokromu P450, hasa viwili viitwavyo CYP3A4 na CYP1A2, huipachika atomu moja ya oksijeni kwenye ukingo wa molekuli. Kinachozaliwa huitwa epoksaidi: pete ndogo ya pembe tatu iliyokazwa kama mtego uliotegwa tayari. Pete ya namna hiyo haitulii. Ikiwa ndani ya maji hudumu kama sekunde moja tu, kisha hufyatuka.

Sekunde moja inatosha. DNA imeandikwa kwa herufi nne, adenini, timini, guanini na sitosini, zilizolaliana moja juu ya nyingine kama ngazi iliyosokotwa. Molekuli ya aflatoksini ni bapa, upana wake kama nanomita moja. Hujipenyeza katikati ya herufi mbili zilizolaliana, mithili ya karata inayochomekwa kwenye fungu, na ikishakaa hapo epoksaidi hujikuta imeelekea barabara kwenye naitrojeni namba saba ya guanini, ile wanakemia wanayoiita N7. Pete hufyatuka, kifungo cha kemia hufungika, na sumu imebandikwa kwenye urithi.

Baada ya hapo guanini iliyobandikwa inaweza kung'oka yenyewe na kutoka kwa mkojo. Hiyo ndiyo inayowawezesha watafiti kuipima na kujua mtu alikula nini siku moja au mbili zilizopita. Inaweza pia kutambuliwa na vimeng'enya vya ukarabati vinavyokata kipande kibovu na kuziba pengo. Hatari zaidi ni pale pete ya guanini yenyewe inapofunguka na kugeuka umbo liitwalo FAPY. Umbo hilo ni sugu, hukaa siku nyingi, na seli inapojigawa kabla halijaondolewa, mahali palipoandikwa G husomwa T.

Kosa hilo lina anwani. Mwaka 1991 jarida la Nature lilichapisha tafiti mbili kwa pamoja, moja ikihusu wagonjwa wa saratani ya ini wa kusini mwa Afrika, nyingine ya Qidong nchini China. Zote mbili zilikuta badiliko mahali pamoja: neno la 249 la jeni iitwayo TP53, ambapo AGG huwa AGT, na asidi amino ya arginini hupisha serini. Kati ya wagonjwa 16 wa Qidong, wanane walikuwa na kosa hilo hilo. TP53 ni jeni ya ulinzi; kazi yake ni kuizuia seli yenye DNA iliyoharibika isiendelee kujigawa. Herufi moja ikibadilika, mlinzi anaharibika.

Halafu kuna mshirika wa sumu hii, virusi vya homa ya ini B. Utafiti uliofuatilia maelfu ya wanaume wa Shanghai na kuchapishwa miaka ya 1990 ulionyesha kuwa mwenye alama za aflatoksini mkojoni ana hatari ya saratani ya ini takribani mara tatu ya asiye nazo. Mwenye virusi, mara saba. Mwenye vyote viwili, karibu mara 60. Ukizijumlisha hatari hizo hupati 60. Hata ukizizidisha hufiki hapo: zinachocheana. Chanjo ya homa ya ini B anayopewa mtoto kliniki ni sehemu ya vita dhidi ya sumukuvu, ingawa mara chache tunaieleza hivyo.

Kwa nini jambo hili ni gumu kuonwa

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa yote haya yanajulikana, fuwele za nini tena? Jibu liko katika namna yalivyojulikana. Sehemu kubwa ilipatikana kwa kuzunguka: panya waliolishwa sumu, mikojo iliyopimwa, uvimbe uliosomwa herufi kwa herufi baada ya miaka thelathini ya kula. Epoksaidi yenyewe ilikuja kutengenezwa safi maabara mwaka 1988 tu, huko Vanderbilt University, Marekani, kwa sababu kila mara ilikuwa ikifyatuka kabla ya kushikwa. Na DNA ni kitu laini, kinachocheza majini muda wote. Ukitaka kuipiga picha kwa eksirei ni lazima kwanza uigandishe kuwa fuwele, na DNA iliyobandikwa sumu mara nyingi hukataa kuganda kwa mpangilio.

Hapa ndipo chumvi inapotusaidia kuelewa. Punje ya chumvi ni fuwele: chembe za sodiamu na klorini zimepangwa kwa safu zisizokosea, huku na huku, juu na chini. Kwa kuwa kila chembe ina mahali pake, eksirei zikipita ndani yake hutawanyika kwa muundo unaosomeka, na kutoka kwenye muundo huo mwanasayansi hukokotoa atomu ipi iko wapi. Tatizo la chumvi ni kwamba imeshiba. Hakuna nafasi ya mgeni kuingia.

Richard Robson nchini Australia, mwaka 1989, alichapisha wazo lililoondoa tatizo hilo: tumia chembe za metali kama vifundo na molekuli ndefu za kaboni kama fito, ujenge fuwele yenye vyumba vitupu. Susumu Kitagawa wa Japani alionyesha mwaka 1997 kwamba gesi zinaweza kuingia na kutoka katika vyumba hivyo bila jengo kuanguka. Omar Yaghi, mtoto wa wakimbizi wa Kipalestina aliyezaliwa Amman, alitoa mwaka 1999 fuwele imara iitwayo MOF-5. Mjenzi yeyote wa nyumba ya tembe ya Kigogo angeielewa kanuni hiyo mara moja: nguzo, fito, na nafasi katikati. Baadhi ya fuwele hizi, gramu moja tu, ukizikunjua kuta zake zote za ndani, hufunika eneo kama la uwanja wa mpira.

Mara tu jengo lenye vyumba lilipopatikana, swali la DNA likajitokeza lenyewe. Kama fito ni molekuli yoyote unayoichagua, kwa nini zisiwe herufi za DNA? Mwaka 2009 Nathaniel Rosi na wenzake wa University of Pittsburgh walitangaza bio-MOF-1, fuwele ambayo kuta zake zimejengwa kwa zinki na adenini, herufi A ile ile iliyo ndani ya kila seli yako. Mjapani mwingine, Makoto Fujita, alionyesha mwaka 2013 kwamba fuwele yenye vyumba inaweza kufyonza kiasi kidogo mno cha dutu, hata chini ya mikrogramu moja, ikaishikilia mgeni kwa mgeni katika mkao mmoja, na umbo lake likasomwa kwa eksirei bila kulazimika kuigandisha dutu yenyewe. Alikiita kifaa chake sifongo cha fuwele.

Unganisha mawili hayo upate kielelezo cha uharibifu. Herufi za DNA zimesimamishwa kwenye kuta, kila moja mahali panapojulikana. Mlango una kipimo. Unaingiza kemikali yenye tabia ya kubandika, unapiga picha kabla na baada, na unaona ni naitrojeni ipi iliyoguswa, kwa pembe gani, na nini kilichofunguka. Epoksaidi isiyovumilia maji unaweza kuipa chumba kisicho na maji. Badala ya mabadiliko elfu yanayopishana ndani ya seli hai, una tukio moja, limesimama.

Pale kielelezo kinapopotosha

Napenda wazo hili, na kwa sababu hiyo nalikagua kwa ukali. Tuanze na bio-MOF-1. Adenini imeshikwa na zinki kupitia naitrojeni zake, na N7 ni mojawapo ya zilizoshikwa. Yaani mahali panapotuhusu kuliko pote, mahali ambapo sumu nyingi za kubandika hupashambulia, pameshikwa na metali. Ukiingiza sumu katika chumba hicho na kuta zikabaki salama, hujajifunza kwamba adenini ni salama. Umejifunza kwamba mlango ulikuwa umefungwa. Kwa sumukuvu hali ni nzito zaidi, maana herufi inayolengwa ni guanini. Anayetaka kielelezo cha kweli hana budi kuining'iniza guanini kutoka ukutani kwa upande mwingine, N7 yake ikiwa huru na ikitazama ndani ya chumba.

La pili ni ugumu wa kuta. Nilieleza kwamba aflatoksini hujipenyeza katikati ya herufi zilizolaliana. DNA huipisha kwa kujinyoosha na kujisokotoa upya kidogo. Fito za fuwele hazijinyooshi hivyo. Kwa hiyo kielelezo kinaweza kuonyesha kifungo cha kemia, lakini kikakosa hatua inayotangulia, ile ya kujipenyeza, ambayo ndiyo inayoamua guanini gani ipigwe na ipi iachwe. Kwa nini neno la 249 na si la 248? Jibu la swali hilo linategemea majirani wa kila herufi na namna DNA inavyokunjwa ndani ya seli, na ukuta wa zinki hauna majirani hao.

Kubwa kuliko yote, fuwele haina ukarabati. Ndani ya ini kuna glutathayoni inayoikamata epoksaidi kabla haijafika kwenye DNA. Panya wadogo wa maabara huistahimili aflatoksini vizuri kuliko panya wakubwa kwa sababu kimeng'enya chao cha kuunganisha glutathayoni kina kasi kubwa. Kuna vimeng'enya vya kukata na kuziba. Kuna lishe, kuna virusi, kuna umri. Mtoto wa Chemba anayekula uji wa mahindi mara tatu kwa siku na mtu mzima wa mjini anayebadilisha wali, ndizi na chapati, wakikutana na sumu ile ile hawatoki na madhara sawa. Fuwele itawapa wote wawili jibu moja.

Hivyo basi thamani ya kielelezo hiki iko katika udogo wa swali lake. Kiulize: kifungo hiki kinajifungaje, na nini kinaweza kukizuia kisifungike? Hapo kitajibu vizuri kuliko panya. Ukikiuliza ni watu wangapi wa Kondoa watakaougua, umekitwisha mzigo usio wake.

Mtego wa udongo

Tabia ile ile ya kufyonza wageni imewafanya watu wafikirie matumizi ya pili: kuinasa sumu kabla haijafika kwenye ini. Na hapa fuwele ya kale imewatangulia wanakemia. Baadhi ya udongo wa mfinyanzi, ule wenye madini ya montmoriloniti, umeundwa kwa tabaka nyembamba za fuwele zilizopangana kama kurasa, na aflatoksini, kwa ubapa wake, hujibana katikati ya kurasa hizo. Wafugaji wa kuku na ng'ombe duniani wamekuwa wakiuchanganya udongo wa aina hiyo kwenye chakula cha mifugo kwa miongo kadhaa. Timothy Phillips wa Texas A&M University na wenzake waliupeleka hatua zaidi: nchini Ghana, watu wazima waliojitolea walipewa vidonge vya udongo uliosafishwa, gramu moja na nusu au tatu kwa siku, kwa miezi mitatu. Alama za aflatoksini katika damu na mkojo zilipungua. Ile ya mkojo ilipungua kwa hadi asilimia 58. Jaribio la aina hiyo limefanyika pia Kenya.

Nalisema jambo hili kwa tahadhari kubwa, kwa kuwa najua litakavyosikika. Udongo unauzwa katika masoko ya Dodoma, vipande vya rangi ya kahawia na kijivu, na wajawazito wengi huununua. Udongo wa sokoni si udongo wa jaribio. Ule wa jaribio ulisafishwa, ukapimwa usalama wake, ukapewa dozi. Wa sokoni umechimbwa mahali ambapo hata muuzaji hapajui, na unaweza kumpa mama minyoo na madini mazito, huku ukimnyima madini ya chuma anayoyahitaji. Asitokee mtu akaambiwa kwamba kula udongo ni kinga ya sumukuvu.

Na fuwele mpya za metali? Zimejaribiwa. Moja iliyojengwa kwa shaba, HKUST-1, iliyopewa jina la Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Hong Kong ilikozaliwa mwaka 1999, imetumika maabara kuondoa aflatoksini B1 katika mafuta ya kula. Kwa kiwanda kinachokamua karanga au alizeti ya Kanda ya Kati, wazo hilo linastahili kuchunguzwa, kwa kuwa mafuta huchujwa na fuwele hubaki kwenye chujio. Katika unga haiwezekani. Huwezi kuutia unga dutu yenye shaba kisha ukamwambia mama achuje.

Kazi ninayoipa uzito zaidi ni ya upimaji. Ziko fuwele zinazong'aa zikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno, na aflatoksini ikiingia vyumbani mwake mng'ao hufifia. Siku kipimo cha namna hiyo kitakapokuwa cha bei ya kijijini, mnunuzi wa Kibaigwa atakuwa na jicho jipya. Lakini hata siku hiyo, tatizo la bambo litabaki. Sumukuvu haikai sawasawa ndani ya shehena. Gunia moja linaweza kuwa safi na la pembeni yake limejaa, na ndani ya gunia moja punje chache ndizo zinazobeba karibu sumu yote. Sehemu kubwa ya makosa ya upimaji hutokea kabla sampuli haijafika maabara, mkononi mwa anayedunga. Dunga mara moja ubavuni, ukose. Dunga mara ishirini, juu, kati na chini, usage zote pamoja, ndipo kipimo kiwe na maana. Mafunzo ya kudunga bambo ni ya bei rahisi kuliko mashine yoyote, na yanahitajika mwaka huu.

Jengo linaloanza shambani

Kongwa ina historia ya uchungu na zao la pili linalobeba sumu hii. Kuanzia 1947 serikali ya Uingereza ilileta hapa matrekta ya kung'oa pori ili kulima karanga za kukamua mafuta. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, pauni milioni 36 zikiwa zimepotea kwenye udongo mgumu na mvua isiyotosha. Wakati huo hakuna aliyeijua aflatoksini. Ilikuja kujulikana baada ya mwaka 1960, pale batamzinga wapatao 100,000 walipokufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga yaliyoingia kutoka nje. Hali ya hewa iliyoushinda mpango wa karanga ndiyo hiyo hiyo inayoipendelea kuvu ya Aspergillus flavus: joto, na ukame unaolikamata zao likiwa linajaza punje. Dodoma hupata mvua ya msimu mmoja, chini ya milimita 600 kwa mwaka wa kawaida, na Machi ikikauka mahindi huambukizwa yangali shambani, kabla ghala halijahusika.

Jikoni hakuna msaada wa moto. Aflatoksini B1 huyeyuka karibu nyuzijoto 268. Maji ya ugali Dodoma, kwa kuwa mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, huchemka kwenye nyuzi kama 96. Kukoboa husaidia, maana sehemu kubwa ya sumu iko kwenye ganda na kiini. Lakini hapa tunajikuta katika mvutano ambao wataalamu wa lishe na wa usalama wa chakula hawajaumaliza hadharani: tumehimizwa kula dona kwa ajili ya virutubisho, na virutubisho hivyo viko pale pale ilipo sumu. Kwa mahindi yaliyopimwa yakawa safi, dona ni bora. Kwa mahindi yasiyojulikana, sembe ni salama zaidi. Na pumba za mahindi hayo, ambazo huishia kwa kuku au kwenye chungu cha pombe, zimebeba sumu iliyotolewa kwenye unga.

Uji wa mtoto unaniumiza zaidi. Mama anayetaka kufanya vizuri huchanganya mahindi na karanga, akampa mwanawe unga wa lishe, bila kujua kwamba ameunganisha mazao mawili yanayoongoza kwa sumukuvu. Uchunguzi uliofanywa Iringa, Tabora na Kilimanjaro ulikuta alama ya aflatoksini katika damu ya zaidi ya watoto wanane kati ya kumi waliopimwa. Kongwa nayo ilichaguliwa na Cornell University na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha kwa jaribio lililopangwa kuhusisha watoto wachanga 3,120 kutoka maeneo 52 ya vituo vya afya, baadhi wakipewa unga wa mahindi na karanga uliothibitishwa kuwa na sumukuvu kidogo. Watoto hao ndio kielelezo ambacho hakuna fuwele inayoweza kuchukua nafasi yake.

Baada ya 2016 serikali ilianzisha mradi wa kudhibiti sumukuvu, TANIPAC, uliokuja na maghala, kituo mahiri cha mazao ya nafaka Mtanana, wilayani Kongwa, na maabara kuu ya kilimo jijini Dodoma. Aflasafe, punje za mtama zilizopakwa kuvu isiyotoa sumu ili ikalie nafasi ya ile inayotoa, imesajiliwa nchini; mkulima humwaga kilo nne kwa ekari, wiki mbili au tatu kabla mahindi hayajatoa maua. Ipo mifuko ya kinga njaa, vipo vihenge vya chuma, yapo maturubai ya kuanikia. Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikayaruhusu baada ya siku chache kwa masharti ya vyeti, wafanyabiashara wengi walitambua kwa mara ya kwanza kwamba mikrogramu 10 ni suala la fedha pia.

Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kina wanakemia, na kiko karibu sana na tatizo hili. Ningewaomba wasianze kwa kuiga Pittsburgh wala Japani. Waanze na madini ya udongo wa nyumbani, wayasome kwa eksirei, wajue tabaka zake zinashika nini na zinaachia nini tumboni, kwenye asidi. Waijenge ile fuwele yenye guanini iliyoachwa huru, kwa kuwa swali la namna kifungo kinavyofungika bado linahitaji jibu safi, na mwanafunzi wa Kondoa aliyemzika ndugu mwaka 2016 ana sababu ya kulitafuta kuliko mtu mwingine yeyote. Bajeti ya utafiti huo isichukuliwe kwenye fungu la maturubai.

Nimalizie na chumvi. Mavuno ya Kanda ya Kati huanza karibu Mei. Chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, mimina chumvi kavu vijiko vichache, ongeza mahindi hadi theluthi ya chupa, tikisa kwa nguvu dakika moja, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 na kuvu bado inaweza kukua: yarudishwe juani, juu ya turubai, yasilale chini. Isipoganda, yaendelee kuanikwa hadi yafike asilimia 13.5 inayotakiwa na kiwango cha soko. Kipimo hiki hakionyeshi sumu iliyokwisha kuingia, bali huzuia nyingine isizaliwe. Mwonyeshe na jirani yako kabla hajashona gunia.